Fleming na Bawabu Wake

Leo nawaletea maisha ya mtu ambaye dawa yake inajulikana toka Lamu hadi Vanga: Alexander Fleming, mvumbuzi wa penisilini. Habari za sindano nitaziacha. Nataka kueleza kazi ya kwanza aliyoipa penisilini, kazi iliyokuja kuwafaa hata jirani zetu wa bara, wa Kitui na Makueni.

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881, mwana wa mkulima wa Scotland. Akiwa na umri wa miaka 13 alikwenda London, kisha akawa karani wa afisi ya meli, kazi ambayo watu wa Mombasa hawahitaji kuelezwa. Urithi wa ami yake ndio uliomwezesha kuanza udaktari huko St Mary's mwaka 1901. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, huko Ufaransa, aliona dawa kali walizomiminiwa askari vidondani zikidhuru mwili kuliko viini.

Septemba 1928 alirudi kutoka likizo akakuta sahani moja ya viini imeota kuvu, na viini vilivyo kandokando yake vimeyeyuka. Mwingine angaliitupa. Lakini dawa ile haikusafishika. Florey na Chain wa Oxford ndio walioiweza, mnamo 1940. Basi Fleming akaifanya bawabu wa maabara. Alikuwa akiotesha kiini kilichodhaniwa kuleta homa ya mafua, nacho kila mara kikizidiwa na viini vingine vya kooni. Alipotia penisilini, vile vingine vilikufa, kile kikasalia. Makala yake ya 1929 yataja matumizi hayo katika kichwa chake.

Sasa twende Kitui. Mwaka 1952 na 1953 kala-azar iliwaka huko: homa ndefu, wengu kuvimba, mwili kukonda, na asiyetibiwa kwa kawaida hufa. Dakta R. B. Heisch, aliyeichunguza, aliwashuku usubi wa vichuguuni. Njia mojawapo ya kuwapata vimelea hao ni kutia tone la wengu au uboho katika chupa yenye damu ya sungura, na kungoja siku nyingi. Bakteria mmoja akiingia, huijaza chupa upesi, na jasho la mgonjwa na daktari limepotea. Penisilini huvunja ukuta wa bakteria anapokua. Kimelea cha kala-azar hakina ukuta huo, hivyo husalimika. Chembe za wanadamu na wanyama zinazooteshwa maabarani hulindwa vivyo hivyo, mara nyingi kwa yuniti 100 kwa mililita, pamoja na streptomaisini.

Lakini bawabu naye hupitwa. Maikoplazma hana ukuta, kwa hiyo penisilini haimwoni. Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba dawa kidogo mno huwazoesha viini kuistahimili. Mimi nawasifu mafundi wanaoacha chupa kadha bila dawa yoyote, ili mkono mchafu ujulikane mapema.

Fleming alifariki London tarehe 11 Machi 1955, akazikwa katika kanisa kuu la St Paul's.