Karel Styblo: Mgonjwa Aliyetuachia Daftari

Nikiwa kidato cha pili, babu yangu kule Zagayu, Simiyu, alimaliza dozi ya TB. Miezi 6 kamili, hakuruka hata siku moja. Kadi yake ikaandikwa kwamba amepona, na nyumbani tukachinja kuku. Mvua zilipoanza akaenda kushika plau kama miaka yote. Ng'ombe walikata mistari miwili tu, babu akakaa chini kwenye tope anatafuta pumzi. Tukajua TB imerudi. Akapimwa makohozi upya, hamna kitu. Tangu siku ile hajashika plau tena. Pamba analima kwa kuelekeza wajukuu akiwa amekaa kwenye kigoda, na kadi yake bado inasema amepona.

Hilo neno ndilo lililonisumbua. Muhula uliopita, siku tatu kabla ya testi (msiniulize nilipata ngapi), nilikuwa maktaba natafuta ni nani hasa aliyeanzisha utaratibu wa kuandika wagonjwa wa TB namna ile. Nikakutana na Karel Styblo. Wataalamu wa TB duniani wanamjua kama sisi wa elimu tunavyomjua Piaget. Mimi sikuwahi hata kulisikia jina lake, wakati babu yangu ameishi ndani ya daftari lake nusu mwaka.

Styblo alizaliwa mwaka 1921 katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wanazi walimfunga katika kambi ya Mauthausen, Austria, mahali ambapo wafungwa walipasua mawe machimboni kwa chakula kisichotosha hata mtoto. Humo ndimo alimopata TB. Kambi ile ilipokombolewa, Mei 1945, alikuwa na miaka 23, mmoja tu zaidi yangu. Dawa ya kwanza ya kuua vijidudu vya TB, streptomaisini, ilikuwa imegunduliwa Marekani miaka miwili tu nyuma.

Akapona. Maelezo ya maisha yake niliyoyasoma yanalipita jambo hili kwa sentensi moja: aliugua kambini, kisha paap, tayari yuko chuo kikuu Prague anasomea udaktari. Nilirudia kusoma mara mbili nikidhani nimeruka ukurasa. Nilitaka habari za mtu aliyetoka na mapafu yaliyoliwa halafu akapanda ngazi za chuo, kumbe mwandishi naye amemfanyia Styblo kile kile kadi ilichomfanyia babu.

Ila kazi aliyoichagua inasema kitu. Angeweza kutibu meno. Yeye akaenda moja kwa moja kwenye ugonjwa uliotaka kumuua. Miaka ya 1960 alikuwa kwenye utafiti mkubwa wa TB katika wilaya ya Kolín nchini kwao, baadaye akahamia Uholanzi, na kwa miaka mingi akafanya kazi na chama cha kimataifa cha kupambana na TB chenye makao yake Paris.

Mwaka 1977 habari inafika kwetu. Serikali ilikuwa inaanzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, na Styblo akawa mshauri wake mkuu. Kabla ya hapo dozi ilichukua mwaka au zaidi. Mgonjwa akimeza miezi miwili mitatu kikohozi kinakata, anarudi shambani, vijidudu vinabaki. Kulikuwa na wataalamu walioamini kwamba nchi maskini haiwezi kuwafuatilia watu hawa wote mpaka mwisho.

Styblo na madaktari Watanzania waliouendesha mpango ule hawakuleta mashine kubwa. Walichoweka ni hadubini hospitalini, mratibu wa TB na ukoma katika kila wilaya, na daftari. Kila mgonjwa anaandikwa siku aliyoanza, anapimwa makohozi kwa miezi iliyopangwa, na mwisho lazima ijulikane amefikia wapi. Waliosajiliwa robo moja ya mwaka wanahesabiwa pamoja. Sisi walimu watarajiwa tunaielewa hii haraka: unalichukua darasa lililoanza kidato cha kwanza, unauliza wangapi wamehitimu, wangapi wamefeli, wangapi watoro, wangapi wamehama, wangapi wamekufa. Hakuna wa kupotea kimya kimya.

Mwaka 1982 ikaingia tiba ya muda mfupi, yenye rifampisini. Ilikuwa dawa ghali, hivyo mgonjwa alilazwa miezi miwili ya mwanzo akimeza mbele ya muuguzi, kisha anaruhusiwa kwenda nyumbani na dawa nyingine, jumla miezi 8. Matokeo: karibu wagonjwa 8 kati ya 10 walipona. Mfumo ukaenda Malawi, Msumbiji, Benin, hadi Nikaragua. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani likatangaza TB kuwa dharura ya dunia, na muda mfupi baadaye likaupa mfumo huu jina la DOTS na kuzitaka nchi zote ziufuate. Jamani, dunia ilijifunza kitu kutoka wilaya za Tanzania, na mimi nimesoma shule za Tanzania miaka yote hii bila kuambiwa!

Kwa hiyo simlaumu Styblo. Tatizo lililokuwa mbele yake ni watu kufa, na alilitatua vizuri kuliko yeyote. Bila daftari lile babu angezikwa. Lakini safu ya mwisho ya daftari inaishia pale makohozi yanapokuwa safi. Haiulizi kama mtu anapanda mlima, analala bila kukohoa, au kama majirani wameanza tena kunywa naye kikombe kimoja. Ni kama sisi: cheti kikishatoka, hakuna anayemfuata mhitimu. Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa kujadili maisha baada ya TB ulifanyika Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 2019. Mapafu yanaweza kubaki na makovu hata vijidudu vikishakwisha, na tafiti zinaonyesha waliopona wanakufa mapema kuliko wenzao ambao hawakuugua.

Styblo mwenyewe aliishi zaidi ya miaka 50 baada ya Mauthausen. Alifariki mwaka 1998, akiwa na miaka 76.

Likizo iliyopita nilimsimulia babu habari zake, tukila michembe. Hadubini na DOTS hazikumgusa sana. Alichotaka kujua ni kama yule mzungu alipotoka kifungoni aliweza kulima. Nikamjibu kwamba alikuwa daktari, kazi yake ilikuwa kusafiri na kukagua madaftari. Babu akatulia kidogo, akasema hata yeye kazi ya kukaa angeiweza, shida ni kwamba Zagayu haipo. Kisha akamwita mdogo wangu, akamwelekeza kwa fimbo mstari wa pamba uliorukwa palizi.