Mwalimu wa Pugu na Mtoto Asiye na Dawati

Wasomaji wetu wa Kibamba, Mbezi na Kiluvya wamezoea kulisikia jina la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere majukwaani, hasa ufikapo mwezi wa Oktoba. Leo twapenda kumtazama kwa upande mmoja tu: jinsi alivyotaka mtoto wa maskini apate darasa sawa na mtoto wa tajiri, na yale aliyoyafanya kwa ajili hiyo, matamu na machungu.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na mama Mgaya wa Nyang'ombe, mke wa tano wa mtemi. Alichunga mbuzi hata umri wa miaka 12, ndipo mwaka 1934 akapelekwa shule ya Mwisenge, Musoma. Siku zile shule ilikuwa bahati ya wachache, na wenziwe waliobaki machungani hawakuwa na akili pungufu kuliko yeye. Twadhani hakulisahau jambo hilo. Akasoma Tabora, akabatizwa mwaka 1943, akaenda Makerere, kisha akafundisha St. Mary's, Tabora, kwa Mapadre Weupe. Huko Padre Richard Walsh akamsaidia kupata njia ya kwenda Edinburgh, alikosoma tangu 1949 hata 1952.

Aliporudi alikuja Pugu, kufundisha shule ya Mtakatifu Fransisko ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Wazee husimulia jinsi alivyoshuka kwenda mjini kwa miguu kuhudhuria mikutano. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ikawa lazima achague. Machi 1955 aliuacha ualimu pamoja na mshahara wake, hali amekwisha kuoa. Si jambo dogo. Baba yeyote wa nyumba alijua hilo.

Wakati ule wazazi wenyewe walianza kutenda. Chama cha wazazi kilichoitwa TAPA kilifungua madarasa ya miti na udongo kwa watoto waliokosa nafasi, na walimu wake walilipwa kwa taabu. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, nchi ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila moja na fungu lake la fedha. Mpango huo ulikomeshwa tangu Januari 1962. Ada za sekondari ziliondolewa mwaka 1964, na za msingi mwaka 1973.

Lakini liko jambo moja ambalo gazeti la Kanisa haliwezi kulipita kimya. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ilizichukua shule zetu, Pugu ikiwa mojawapo, seminari ziliachwa. Wakristo waliokuwa wamefyatua matofali kwa mikono yao waliumia, nasi hatuwalaumu. Hata hivyo tuseme kweli. Shule nyingi zilikuwa za misioni, na mtoto wa Kiislamu wa Pwani na Rufiji aliachwa nyuma, si kwa uvivu wake, bali kwa kuwa baba yake aliogopa kumpeleka kwa padre. Mwalimu, Mkatoliki mwenye kuhudhuria Misa kila siku alipoweza, aliliona kosa hilo nasi wengi hatukuliona. Twaamini alikuwa na haki katika shabaha yake. Katika namna ya kulitenda twabaki na shaka, maana malezi yaliyokuwako katika shule zile hayakupata mrithi.

Vivyo hivyo kwa vijiji. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu walihamishwa kwa nguvu mahali pengi, na nyumba nyingine zikachomwa moto. Familia haikombolewi kwa kuchomewa paa. Tena Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa wote, na mwaka 1977 wanavijiji walikuwa wakijenga madarasa huku vijana waliomaliza darasa la saba wakifundishwa ualimu upesi upesi. Watoto karibu wote wa rika la shule wakaandikishwa, ubora ukashuka. Katika miaka ya 1990 ada zilirudi na watoto wa maskini wakatoka. Zikaondolewa tena mwaka 2002 kwa msingi, na mwaka 2016 hata kidato cha nne.

Leo asubuhi katika Barabara ya Morogoro mabasi ya shule za kulipia yampita mtoto aendaye kwa miguu kwenye darasa lililojaa. Jumuiya zetu ndogo ndogo hukutana kila juma nyumbani kwa waamini, nazo zajua ni mlango upi una mtoto asiye na sare wala madaftari. Twaomba habari zake zisomwe kabla ya michango ya harusi.

Mwalimu aliacha urais mwaka 1985, akarudi shambani Butiama. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua shauri la kumwombea atangazwe Mwenye Heri. Shule ya Pugu ingali yafundisha, chini ya Serikali.