Alfred Werner na Viti Sita vya Kobalti

Wasomaji wengi wamesikia habari za plastiki iozayo, na za nyuzi za kushonea vidonda ambazo huyeyuka zenyewe mwilini. Baadhi ya vitu hivyo hutokana na asidi ile ile iliyomo katika maziwa ya mgando. Asidi hufanywa kuwa vipete vidogo. Kisha metali, mara nyingi bati, iliyozungukwa na vitu vingine, hufungua kipete kimoja baada ya kingine na kuviunga kuwa mnyororo mrefu. Nataka kuwasimulia habari za mtu aliyetuonyesha jinsi metali inavyozungukwa.

Alfred Werner alizaliwa Mulhouse mwaka 1866, akasoma Zürich, Uswisi. Siku zile wataalamu walitatizwa na chumvi za kobalti na amonia. Chumvi yenye amonia sita ilikuwa ya manjano, na ukiitilia nitrati ya fedha, klorini zake zote tatu zilinaswa. Yenye tano, zilinaswa mbili tu. Yenye nne, moja.

Usiku mmoja Werner aliamka saa nane akiwa na jibu, akaandika bila kupumzika hata saa kumi na moja jioni. Alilichapisha mwaka 1893, umri wake miaka 26. Alisema kobalti ina viti sita: vinne kandokando, kimoja juu, kimoja chini. Amonia ikiondoka, klorini hukalia kiti chake, na iliyokwisha kukaa haikamatwi na fedha.

Jørgensen wa Copenhagen alimpinga kwa miaka mingi. Mimi namheshimu Mdenmaki huyu, maana nyingi za chumvi hizo alizitengeneza yeye. Werner alidai kwamba chumvi ya amonia nne lazima iwe ya namna mbili. Ya kijani ilijulikana. Ya urujuani ilipatikana mwaka 1907, na Jørgensen akakubali.

Mwaka 1911, pamoja na mwanafunzi wake Victor King, alitenga chumvi za mkono wa kulia na wa kushoto, kama mtu na sura yake kiooni. Wabishi wakasema hiyo ni kazi ya kaboni. Mwaka 1914 akafanya hivyo kwa chumvi isiyo na kaboni hata chembe! Tuzo ya Nobel alikwisha kuipata mwaka 1913. Alifariki Novemba 1919, hajatimiza miaka 53.

Mikono hiyo miwili imo pia katika vipete vya asidi ya maziwa. Mnyororo wa mkono mmoja huwa imara kuliko wa mchanganyiko, na vitu vilivyokalia viti vya metali vyaweza kuchagua kipi kiingie.