Dmitri Mendeleev
Dmitri Mendeleev alizaliwa mwaka 1834 mjini Tobolsk, nchini Urusi. Baba yake alipopofuka, mama yake aliendesha kiwanda cha vioo ili kuitunza familia.

Mwaka 1869 Mendeleev alipanga elementi katika jedwali, akaziweka pamoja zenye tabia zinazofanana. Aliacha nafasi tupu, akatabiri tabia za elementi ambazo zilikuwa hazijagunduliwa. Baadhi ya wataalamu walitia shaka. Mwaka 1875 galiamu iligunduliwa, ikajaza nafasi mojawapo.

Mendeleev alifariki mwaka 1907. Baadaye sababu ilifahamika. Atomu ya sodiamu na ya potasiamu kila moja ina elektroni moja tu katika mzingo wa nje. Elektroni hiyo hutoka kwa urahisi. Ndiyo maana elementi hizo mbili huungana upesi na nyingine.