John Hunter, Tabibu wa Majeraha ya Vita

Askari aliyejeruhiwa vibaya, awe amelazwa katika Hospitali ya Kibagabaga mjini Kigali au kwingineko, hukabiliwa na vita viwili. Vita vya kwanza ni vya kuzuia damu. Vya pili huanza ndani ya mwili wake, pale kinga ya mwili inapoinuka kulikabili jeraha. Kinga hiyo ikilegea, vijidudu hushinda. Ikipita kiasi, huweza kuharibu mapafu na figo za majeruhi. Miongoni mwa watu waliotangulia kulitafakari jambo hili ni tabibu wa jeshi, marehemu John Hunter.

Hunter alizaliwa mwaka 1728 huko Scotland, akiwa kitinda mimba wa watoto kumi. Mwaka 1748 alikwenda London kumsaidia kaka yake, William, aliyekuwa akifundisha elimu ya viungo vya mwili. Kwa kupasua maiti miaka mingi, alizoea kuamini aliyoyaona kuliko desturi.

Mwaka 1760 aliingia jeshini, na mwaka 1761 alikuwamo katika majeshi ya Uingereza yaliyokiteka kisiwa cha Belle-Île, Ufaransa. Siku zile ilikuwa desturi kulipanua kwa kisu jeraha la risasi. Hunter akawaona askari wachache wa Kifaransa waliopigwa risasi, wakajificha siku kadhaa pasipo tabibu. Hali yao haikuwa mbaya kuliko ya wale waliopasuliwa. Tangu hapo alipinga kupanua majeraha bila sababu.

Alifundisha kwamba uvimbe, joto na wekundu wa jeraha si ugonjwa wenyewe, bali ni juhudi ya mwili kujitengeneza. Mwaka 1790 aliteuliwa kuwa Mganga Mkuu wa jeshi. Alifariki tarehe 16 Oktoba, 1793, na kitabu chake juu ya damu, uvimbe na majeraha ya risasi kilitolewa mwaka 1794.

Hunter hakujua habari za vijidudu, na leo madaktari huondoa nyama iliyokufa katika majeraha ya risasi. Hata hivyo, onyo lake limedumu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2004, wa majeruhi 10,008 wa kichwa, ulichunguza dawa za steroidi, ambazo hutuliza uvimbe na kinga ya mwili. Ilidhaniwa zingeokoa maisha. Kumbe waliopewa dawa hizo walikufa kwa wingi zaidi.

Basi, askari mwenye kumhudumia mwenzake azuie damu, alifunike jeraha kwa kitambaa safi, asilichokoe wala asimpe dawa kwa kubahatisha, na amfikishe hospitali upesi. Kinga ya mwili ni mlinzi mwenye silaha kali: kumnyang'anya silaha pasipo maarifa ni hatari sawa na kumwacha afyatue ovyo.