Rikidozan: Shujaa wa Japani Aliyeficha Kwao

Kama ulikulia mtaani, najua hii ulipitia. Wikendi mnarundikana sebuleni kwa jirani mwenye runinga kubwa, mieleka inaanza, na kabla pambano la kwanza liishe tayari kuna mtoto amebebwa juu akabwagwa kwenye kochi. Mama mwenye nyumba anafoka, mnatawanyika mbio. Halafu siku moja akatokea yule jamaa mjuaji, maana kila ploti inaye, akakwambia kwamba yote yale ni maigizo. Uliumia. Usinidanganye.

Leo nataka nikupe hadithi ya mwanamieleka ambaye pengine hujawahi kumsikia. Alifariki mwaka 1963, kabla wazazi wako wajuane. WWE walimwingiza katika orodha yao ya mashujaa wa zamani mwaka 2017, zaidi ya nusu karne akiwa kaburini. Anaitwa Rikidozan, na Wajapani humwita baba wa mieleka ya kulipwa nchini mwao. Kila mtu wakati ule alibishana kama mapambano yake yalikuwa ya kweli. Wachache sana walijua kwamba uongo wake mkubwa ulikuwa nje ya ulingo.

Jamaa alizaliwa Kim Sin-rak, mwaka 1924, katika mkoa wa Hamgyong Kusini. Leo hiyo ni Korea Kaskazini, lakini enzi hizo Korea yote ilikuwa chini ya utawala wa Japani, tangu 1910. Akiwa kijana alisifika kwa ssireum, mieleka ya jadi ya Wakorea. Wajapani waliokuwa wakitafuta vipaji wakamwona, na mwaka 1940 akawa Tokyo, ndani ya kambi ya sumo iitwayo Nishonoseki. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kuwashinikiza Wakorea wachukue majina ya Kijapani. Kwenye sumo alipewa jina la ulingoni, Rikidozan, na hilo ndilo lililomfuata hadi kaburini.

Sumo si mchezo wa kuingia leo na kung'aa kesho. Unaanza kwa kufagia, kupika na kuwahudumia wakubwa, na ukikosea unachapwa. Rikidozan alivumilia. Mwaka 1949 alikuwa amefika cheo cha sekiwake, cha tatu kutoka juu. Kisha mwaka 1950, ghafla, akaacha. Inasimuliwa kwamba alikata mwenyewe kile kishungi cha nywele ambacho ndicho heshima ya mpiganaji wa sumo, kitu ambacho kwa kawaida hukatwa kwenye sherehe. Sababu zinazotajwa ni ugonjwa, ugomvi wa pesa, na hisia kwamba Mkorea hangeruhusiwa kupanda zaidi.

Hapo itabidi uelewe maisha ya Mkorea nchini Japani baada ya vita. Alibaguliwa kazini, kwenye kupanga nyumba na hata kwenye ndoa. Sisi hapa Kenya tunaijua hiyo. Mtu anakuuliza jina lako la pili kwa upole kabisa, na ukilitaja tu unaona uso wake umebadilika, na ile nafasi ya kazi iliyokuwepo asubuhi imeshachukuliwa. Wakorea wengi waliamua kutumia majina ya Kijapani ili wapate riziki. Rikidozan alienda mbali zaidi. Akajiandikisha rasmi kama Mitsuhiro Momota, mzaliwa wa Omura, Nagasaki. Kwenye karatasi, Kim Sin-rak akawa hayupo tena.

Akafanya kazi katika kampuni ya ujenzi kwa muda. Mwaka 1951 wanamieleka wa Marekani wakafika Tokyo kwa ziara, na Oktoba mwaka huo akapanda ulingoni kwa mara ya kwanza dhidi ya Bobby Bruns. Dakika kumi, wakatoka sare, na inasemekana alikuwa akihema kama aliyekimbizwa na askari wa kaunti. Lakini alikuwa ameona kitu. Mwaka 1952 akaenda Hawaii kujifunza kazi, akapigana Marekani, na mwaka 1953 akarudi Japani na kuanzisha chama chake cha mieleka.

Sasa angalia bahati ya jamaa. Mwaka huo huo wa 1953 ndio runinga ilianza kurusha matangazo Japani. Seti moja ilikuwa ghali kupita kiasi kwa mfanyakazi wa kawaida, kwa hivyo vituo viliweka runinga barabarani na kwenye stesheni za treni ili watu watazame wakiwa wamesimama. Tarehe 19 Februari 1954, katika ukumbi wa Kuramae Kokugikan, Rikidozan na mwenzake Masahiko Kimura walikabiliana na Ben na Mike Sharpe. Ndugu hao walitoka Kanada, lakini kwa umati uliosongamana pale Shimbashi wakitazama kidude kimoja kidogo, hao walikuwa tu Wazungu warefu waliofanana na wanajeshi wa Marekani.

Kumbuka Japani ilikuwa imeshindwa vita mwaka 1945 na kukaliwa na majeshi ya kigeni hadi 1952. Watu walikuwa wameinamisha vichwa. Halafu kwenye kioo wanamwona mmoja wao akivumilia rafu za Wazungu, anavumilia, anavumilia, mpaka uvumilivu unakwisha na anaanza kuwashushia mapigo ya karate kifuani kwa ubapa wa mkono. Wale majitu wakaanguka. Nchi nzima ikalipuka kwa shangwe.

Na huyo waliyemshangilia kama nguvu ya Mjapani alikuwa Mkorea, mtoto wa koloni lao.

Pambano lililomchafulia jina zaidi lilikuja mwisho wa mwaka huo. Kimura hakuwa mtu wa kubezwa. Alikuwa mmoja wa wanajudo bora kuwahi kutokea, na mwaka 1951 alikuwa amemshinda Hélio Gracie kule Rio de Janeiro, yule wa ile familia ambayo mashabiki wa UFC hamchoki kuitaja. Lakini katika mapambano ya watu wawili wawili, Kimura ndiye alikuwa akipigwa ili Rikidozan aje kuokoa jahazi. Akachoka. Akaambia gazeti kwamba katika pambano la kweli Rikidozan hamwezi. Basi, wakapangiwa siku, tarehe 22 Desemba 1954, ubingwa wa uzani wa juu wa Japani.

Kulingana na Kimura, walikuwa wameelewana watoke sare, halafu warudiane mbele ya safari na wagawane faida. Ndivyo biashara hii huendeshwa. Mnakubaliana, na kila mmoja anamkabidhi mwenzake mwili wake akiamini atarudishiwa ukiwa mzima. Pambano likaanza shwari. Kisha baada ya kama dakika 15, Rikidozan akabadilika. Upande wake ulidai Kimura alimpiga teke chini ya mkanda. Akaanza kumpiga kwelikweli, usoni na shingoni, na Kimura alipoanguka akaendelea kumkanyaga. Damu ikabaki kwenye turubai. Kimura hakupata marudiano, na uchungu wa usiku ule aliubeba hadi uzeeni.

Nimelifikiria sana pambano hilo. Jamaa aliyefanya maigizo kila wiki, siku aliyoamua kuwa mkweli ulingoni ndiyo siku aliyomsaliti mwenzake. Tena ikamlipa, maana kuanzia hapo hakuwa na mpinzani nyumbani.

Baada ya hapo alihitaji kupigana na wa nje. Marekani mieleka ilikuwa imegawanywa na mapromota, kila mmoja na eneo lake, na wengi walikuwa chini ya muungano wa NWA. Bingwa wa NWA alikuwa Lou Thesz, fundi aliyeheshimiwa kila mahali. Oktoba 1957 Rikidozan akamleta Tokyo, wakapigana saa nzima na kutoka sare. Mwaka uliofuata, Agosti, akamshinda Los Angeles na kurudi na mkanda wa kimataifa. Kumbuka tena kwamba hakuna bingwa anayeshindwa hivihivi kwenye mieleka. Kukubali kuangushwa na bingwa wa kampuni nyingine ni mkopo wa heshima, na Thesz alimkopesha kwa sababu alimheshimu. Mwaka 1962 Rikidozan akachukua pia taji la WWA kutoka kwa Freddie Blassie, yule aliyezoea kung'ata watu. Mei 1963 alipopambana na The Destroyer, mwanamieleka wa Marekani aliyevaa kinyago, asilimia 64 ya watazamaji wa runinga Japani walikuwa wakitazama.

Doo ikaingia. Alijenga jumba la michezo Shibuya, nyumba za kupangisha na klabu za usiku. Lakini pia alilewa, akapigana kwenye baa, na wakubwa wa magenge ya yakuza walikuwa na mkono katika biashara yake. Wanafunzi wake aliwachapa kama alivyochapwa kwenye sumo. Wawili kati yao utawasikia popote mieleka inapotajwa, Giant Baba na Antonio Inoki, ambaye Rikidozan alimtoa Brazil akiwa kijana mdogo. Wa tatu alikuwa Mkorea, Kim Il, aliyevuka bahari bila vibali akitafuta shujaa wake, akakamatwa. Rikidozan alimsaidia kutoka na kumfundisha kazi. Kisha akampa jina la ulingoni, Kintaro Oki. Jina la Kijapani.

Hapo ndipo huwa nanyamaza kidogo. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nilikaa karibu mwaka mzima nikipiga simu nyumbani na kujibu kwamba masomo yanaendelea vizuri. Nilianza na uongo mdogo wa wiki mbili. Baadaye nikawa nautunza kama mtoto, naulisha, nauvisha, naamka usiku kuangalia kama uko salama. Mimi nilichoka ndani ya mwaka mmoja. Yeye alibeba wake zaidi ya miaka kumi, na taifa zima likitazama.

Januari 1963 alisafiri hadi Korea Kusini. Huko alipokelewa kama mwana aliyerudi nyumbani. Nchini Japani ziara hiyo haikupigiwa tarumbeta, kwa sababu watu wake hawakutaka maswali. Kijiji chake hakuweza kukifikia, kwani kilikuwa ng'ambo ya mpaka, na binti aliyemwacha huko alikuwa amekua bila yeye. Juni mwaka huo akafunga ndoa Tokyo na kuanza kupanga maisha mapya.

Tarehe 8 Desemba 1963, katika klabu iitwayo New Latin Quarter mtaani Akasaka, aligombana na kijana wa yakuza. Inasemekana chanzo kilikuwa kukanyagana mguu karibu na choo. Rikidozan akamwangusha chini, kijana akachomoa kisu na kumdunga tumboni. Kidonda kilionekana kidogo. Alifanyiwa upasuaji, watu wakadhani amepona, kisha tumbo likaingia uambukizi. Tarehe 15 Desemba akafariki, akiwa na miaka 39, na mkewe akiwa mjamzito. Mtu aliyeangusha majitu mbele ya nchi nzima aliuawa na ugomvi wa choo. Maisha hayana adabu.

Ilichukua miaka mingi kabla Wajapani wengi kujua alikotoka. Ajabu ni kwamba ukweli ulipotoka, kila upande ulimtaka. Korea Kaskazini ilimtukuza kama mzalendo, na mume wa yule binti yake akawa kigogo wa michezo huko. Inoki akatumia jina la mwalimu wake kufungua mlango. Aprili 1995, kampuni yake ya New Japan iliungana na WCW ya Marekani, wakaandaa siku mbili za mieleka Pyongyang. Muhammad Ali, ambaye Inoki alitoka naye sare Tokyo mwaka 1976, alikuwa mgeni. Inoki akapigana na Ric Flair mbele ya umati uliojaza uwanja mkubwa kabisa, katika nchi ambayo karibu hakuna mgeni anayeingia. Mjapani na Mmarekani, ndani ya Korea Kaskazini, kwa heshima ya mtu ambaye hakuthubutu kusema alizaliwa huko.

Sitaki umsamehe mambo ya Kimura, wala wanafunzi aliowatandika. Hayo ni yake. Lakini jina alilificha kwa sababu alijua wale mashabiki wa Shimbashi wangefanya nini wakilisikia. Kwa hiyo kabla ya kumwita mwongo, jiulize wewe ungemshangilia Kim Sin-rak. Na pale mtaani kwenu, jirani akikutajia jina lake la pili, chunga uso wako.