Jean de Heinzelin na Mfupa wa Ishango

Jean de Heinzelin alizaliwa mwaka 1920. Alikuwa Mbelgiji, mtu wa elimu ya mawe na udongo. Mwaka 1950 alichimba Ishango, upande wa mashariki wa Kongo, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward. (Maji hayo hayapiti Kisangani, huenda zake mpaka Nili.) Watu wa kale walikaa hapo, wakavua samaki kwa vyusa vya mfupa.

Katika udongo ule ulipatikana mfupa mdogo, urefu wake sentimita 10 hivi, umechomekwa kijiwe kigumu nchani. Mwingine angeutupa pamoja na mifupa ya samaki. Lakini Heinzelin aliona umechanjwa mistari, tena mistari imepangwa mafungu mafungu katika safu tatu. Basi, akahesabu.

Safu moja ina 11, 13, 17, 19. Nyingine ina 11, 21, 19, 9. Jumlisha kila moja: utapata 60. Safu ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7.

Heinzelin akatafuta kanuni. 11 ni 10 na moja. 21 ni 20 na moja. 19 ni 20 kasoro moja. 9 ni 10 kasoro moja. 3 ukiizidisha kwa mbili ni 6, na 4 hivyo hivyo ni 8. 10 ukiigawa kwa mbili ni 5. Na 11, 13, 17, 19 ndizo hesabu zote kati ya 10 na 20 zisizogawanyika. Mwaka 1962 aliwaambia wasomaji wa Marekani kwamba labda wavuvi wale walicheza na hesabu.

Lakini 5 na 7 za mwisho zilikataa kanuni yake. Alexander Marshack, Mmarekani, alitazama mistari kwa darubini akaona siku za mwezi. Wengine wakasema ilichanjwa ili mkono usiteleze tu. Ndiyo taabu ya kazi hii: anayetafuta kanuni aweza kuiona hata pale mchanjaji hakuiweka, na mchanjaji haulizwi tena. Hata umri wa mfupa Heinzelin hakuupata sawa. Alidhani si wa kale kiasi hicho. Vipimo vya baadaye vilionyesha kama 20,000.

Alifundisha Ghent, akachimba tena Ethiopia, akafa mwaka 1998. Mfupa uko Brussels, katika nyumba ya makumbusho.